Sake: Shamba la Msimu Mmoja Halipandwi Mti

Mwaka 1938 mlima wa volkano wa Nyamulagira, mashariki mwa Kongo, ulipasuka ubavuni, na lava ikateremka bondeni mpaka ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake, ikakaribia kabisa kuziba mlango wa ghuba ya Kabuno. Mlipuko ule haukutulia hadi 1940. Anayetoka Goma leo kwenda Sake, mwendo wa kama kilomita 25, anapita katikati ya mawe meusi ya milipuko ya aina hiyo, mingine ya kale na mingine ya karibuni. Penye lava changa hapaoti ila kuvumwani na kangaga. Penye lava ya zamani zaidi vichaka vimeshika. Na penye majivu yaliyolala karne kwa karne pana udongo mweusi, mwepesi, unaopukutika mkononi kama unga, na ndio uliowawezesha wakulima wa eneo la Masisi, ilipo Sake, kuwalisha watu wa Goma maharage, viazi, mahindi, karoti, vitunguu na kabichi miaka nenda miaka rudi.

Watu wa mbali wakisikia habari za udongo wa volkano hudhani ni udongo usiochoka. Wakulima wa Sake, Mushaki na Ngungu wanaujua vizuri zaidi. Udongo huu hunywa maji mengi na kuyatunza, ndiyo maana viazi huweza kustahimili wiki kadhaa za jua. Lakini ukishashiba maji kwenye mteremko mkali huwa mzito, hulegea, na ubavu mzima wa mlima huweza kushuka kwa mara moja. Jambo la pili halionekani kwa macho. Udongo wa majivu huishika fosforasi kwa nguvu, kiasi kwamba mmea hauwezi kuinyonya. Mkulima akinunua mbolea ya chumvichumvi na kuimwaga peke yake, sehemu kubwa hufungwa humohumo ardhini na fedha yake imekwenda bure. Kinachosaidia ni kuongeza vitu vilivyooza: samadi, mboji, mabaki ya mazao, majani ya miti. Kwa hiyo hapa kilimo rafiki kwa mazingira si anasa ya wenye kupenda ndege na vipepeo. Ndicho kilimo kinachoendana na udongo wenyewe.

Jembe nalo lina mkono katika hasara. Mlimaji wa mteremkoni husimama akiuelekea mlima, hupiga jembe juu yake na kuuvuta udongo kuja miguuni. Kila pigo huushusha udongo kidogo, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Msimu A unaoanza Septemba huushusha, na msimu B unaoanza Februari au Machi huushusha tena. Miaka ikipita, sehemu ya juu ya shamba huanza kuonyesha udongo mwekundu na maharage yake hubaki mafupi yenye majani ya manjano, huku chini, kwenye mpaka wa jirani, mahindi yakimpita mtu kimo. Mvua kubwa ikija hukuta kazi imekwisha kuanzwa.

Tarehe 2 Aprili 2023, siku ya Jumapili, mlima uliporomoka katika kijiji cha Bolowa, Masisi, ukawafunika watu wapatao 20, wanawake na watoto waliokuwa wakifua nguo na kuosha vyombo kwenye kijito. Mwezi mmoja baadaye, Alhamisi ya tarehe 4 Mei, mito ya Kalehe upande wa Kivu Kusini ilijaa matope na mawe, ikaingia Bushushu na Nyamukubi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Miili iliyohesabiwa ilipita 400. Mvua ya siku ile ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini milima iliyovuliwa miti haina cha kuipunguzia mvua kasi, na kila anayelima juu ya kijiji cha watu anabeba sehemu ya usalama wao, apende asipende.

Dawa zinajulikana, na wakulima wa huku wamezisikia kwenye semina nyingi. Unapima mstari wa kontua kwa fremu ya miti mitatu iliyofungwa umbo la A, kamba na jiwe. Kwenye mstari huo unapanda majani yenye mizizi mingi: tripsakamu, setaria, matete. Udongo unaoshuka hunaswa na majani, na kwa miaka michache ngazi hujijenga zenyewe bila mtu kuhamisha milima kwa sururu. Ukitaka kwenda haraka unachimba mfereji na kurusha udongo upande wa juu, mbinu ya fanya juu iliyoenea kutoka Ukambani, Kenya. Katikati ya mistari unapanda maharage yanayopanda miti, ambayo huzaa mara mbili hadi tatu ya yale mafupi na huiachia ardhi naitrojeni. Kando unaweka kaliandra, grevilea au lusina: majani kwa mifugo na kwa mboji, matawi kwa vijiti vya maharage, mizizi kwa kushika ardhi.

Semina huishia hapo, na mimi naona ndipo ilipopaswa kuanza. Swali linalofuata ni moja: shamba ni la nani, na kwa muda gani?

Sehemu kubwa ya wanaolima kandokando ya Sake na juu kuelekea Mushaki hawana ardhi yao. Wanakodi. Wengine wanakodi kwa msimu mmoja, wanalipa kwa fedha, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi. Mavuno yakishatoka, mazungumzo yanaanza upya. Na katika makubaliano hayo, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, kuna sharti moja ambalo kila mpangaji analijua: usipande kitu cha kudumu. Maharage, sawa. Mahindi, sawa. Viazi, sawa. Mgomba, hapana. Mti, hapana kabisa. Kule kwa jirani zao Bashi wa Kivu Kusini ukodishaji huu wa muda mfupi unaitwa bwasa, na katazo ni hilohilo.

Mwenye ardhi ana sababu zake. Katika mila za Kivu, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, aliyepanda mti amejitangaza kuwa ni mwenyeji wa mahali. Mti ni shahidi. Ukimruhusu mpangaji kupanda grevilea ishirini kwenye mpaka, miaka kumi baadaye wanawe watasimama mbele ya wazee na kuuliza ni nani aliyezipanda. Kwa hiyo mwenye ardhi anazuia miti ili kulinda haki yake, na mpangaji hajishughulishi na udongo kwa kuwa si wake. Mlima uko katikati ya hofu hizo mbili, unashuka.

Hofu hizi zina historia. Tangu 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu, shirika la kikoloni, iligawa ardhi kwa walowezi. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Kibelgiji iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaleta Gishari na kwingineko Masisi, ardhi ambayo Wahunde waliihesabu kuwa ya mababu zao. Julai 1973 sheria ya Zaire ilitamka kuwa ardhi yote ni mali ya Dola, ikaahidi kwamba amri ya rais ingekuja kueleza hatima ya ardhi za kimila. Amri hiyo haikuja. Novemba mwaka huohuo Mobutu akatangaza kutaifishwa kwa mali za wageni, na mashamba ya walowezi, konsesio kama yanavyoitwa huku, yakaangukia mikononi mwa wakubwa waliojua njia za kwenda Kinshasa. Wakayageuza malisho. Ng'ombe wakapanda vilimani, jibini ya Masisi ikapata sifa, na wakulima wakabanwa kwenye vipande vilivyobaki au wakawa wapangaji. Machi 1993 vita vya kikabila vilipoanzia soko la Ntoto, Walikale, vikapanda mpaka Masisi, swali la ardhi lilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, na limo ndani ya kila vita vilivyofuata.

Malisho yale yalizaa kasoro nyingine ambayo wataalamu wa kilimo huipita haraka mno: samadi iko juu, mashamba yako chini. Ng'ombe wa konsesio huacha mbolea yao katika nyasi za tajiri, na mkulima mwenye robo hekta hana hata mbuzi. Kisha semina inamwambia atengeneze mboji ya samadi.

Walikale, upande wa magharibi ambako milima inateremka kuingia msitu mkubwa, habari ni nyingine. Huko bado watu wanafyeka, wanachoma, wanalima misimu michache na kuhama, na msitu hurudi mahali walipoacha. Mtindo huo ulifanya kazi watu walipokuwa wachache. Kila wimbi la wakimbizi kutoka Masisi linaufupisha muda wa kupumzika kwa ardhi.

Kuna anayesema tatizo ni ukaidi wa wakulima, na kwamba walazimishwe. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Wabelgiji waliwachimbisha watu mifereji ya kuzuia mmomonyoko katika vilima vya Kivu kwa amri na adhabu, na uhuru ulipofika 1960 mifereji mingi iliachwa ikajaa, kwa kuwa ilinuka kazi ya shuruti. Murang'a nchini Kenya, 1947 na 1948, watu walikataa kuchimba matuta ya serikali, na wanawake wakawa mstari wa mbele. Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, amri ya matuta ilizaa ghasia Julai 1955, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Masisi yenyewe imeonja salongo ya enzi za Mobutu, kazi ya lazima iliyoitwa ya umma, na baadaye makundi yenye silaha yakalichukua jina hilohilo kuwalimisha watu mashamba yao na kuwabebesha mizigo bila malipo. Mtu aliyepitia hayo akiona afisa anakuja na kamba ya kupimia kontua, ana haki ya kuuliza ni kazi ya nani.

Ukambani ulipita njia nyingine. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliieleza Machakos, wilaya ya huko, kuwa nchi inayokufa, na mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu walitembea mpaka Nairobi kupinga kupunguziwa ng'ombe. Baadaye, watu walipoimiliki ardhi kwa uhakika, barabara zilipowafikisha sokoni na kahawa na mboga zilipoanza kulipa, walichimba matuta wenyewe, vikundi vya akina mama vikiwa mbele. Kati ya 1932 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao mwaka 1994 wakionyesha kwamba mmomonyoko ulipungua na thamani ya mavuno kwa hekta ikapanda. Machakos si Masisi. Haikuwa na mizinga vilimani. Lakini inatuonyesha kwamba wingi wa watu peke yake hauui udongo, na kwamba mkono uleule uliokataa matuta ya amri uliyachimba pale shamba lilipokuwa lake.

Hata Masisi kuna mahali ambapo udongo haukushuka: chini ya migomba. Mgomba hufunika ardhi mwaka mzima, majani yake makavu huwa matandazo, na mashina yaliyokatwa huoza palepale. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi kwa mara ya kwanza nchini Kongo, ugonjwa uliojulikana kwanza Ethiopia katika miaka ya 1960. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na mdudu anayetembelea ua dume huupeleka mgomba hadi mgomba, sawa na panga la mwenye shamba. Ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa shina lote na familia yake na kulilaza shamba bila migomba miezi mingi. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na ikifanyika mteremkoni huacha ardhi uchi mbele ya mvua. Wengi hawakuifuata, nami siwalaumu.

Baadaye watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Kivu waligundua kwamba bakteria hawaenei katika machipukizi yote ya shina moja. Basi inatosha kukata ule mgomba mgonjwa usawa wa ardhi kila unapoonekana, kuchoma panga kwa moto kabla ya kugusa mwingine, na kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya chuma. Ukifanya hivyo bila kuchoka, ugonjwa hupungua na shamba linabaki limefunikwa. Naipenda mbinu hii kwa sababu haidai fedha, haidai gari la mradi, na inaheshimu nguvu za mtu. Inadai kitu kimoja: awepo mtu wa kulipitia shamba kila wiki.

Na hapo ndipo vita vinapoingia, kwa kuwa vita huiba kwanza ile kila wiki. Sake imekimbiwa mara nyingi: 2006, 2007, 2012. Mei 2021 ilikuwa zamu yake kupokea, watu wa Goma walipoukimbia mlipuko wa volkano ya Nyiragongo. Februari 2024 mapigano yalizunguka vilima vyake na watu wakafurika kambi za Bulengo, Lushagala na nyinginezo. Januari 2025 waasi wa M23 waliuchukua mji, siku chache kabla ya Goma, na mwezi uliofuata kambi zilivunjwa watu wakiambiwa warudi makwao. Waliorudi walikuta mashamba yenye mabomu ambayo hayakulipuka. Walikuta mistari ya majani imeliwa, miti ya mipaka imekatwa, mbegu zimekwisha. Anayerudi hivyo hupanda kinachoiva upesi, kwa kuwa watoto wana njaa sasa. Juu ya mlima, Rubaya, koltani inayokadiriwa kuwa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia inachimbwa kwa mikono, na kijana anayeshuka shimoni hulipwa kabla kaliandra haijatoa jani. Sidhani kuna mtu anayepaswa kushangaa anachochagua.

Huohuo muda ulioibwa ndio unaoliangamiza pori. Goma hupikia makala, yaani makaa ya miti, na makala mengi hutoka Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Umeme wa mtambo wa maji wa Matebe ulianza kuzalishwa mwishoni mwa 2015, lakini sufuria ya maharage bado iko juu ya mbabula, jiko la makala. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umewasaidia wakulima kupanda miti ya makala katika mashamba yao, mikaratusi mingi sana. Nakubaliana na wazo lake: gunia la makala lililotoka shambani kwa mtu limeacha mti mmoja umesimama Virunga. Lakini mkaratusi unahitaji miaka kadhaa kabla ya shoka la kwanza na hauachi mazao mengine yastawi chini yake, kwa hiyo anayeweza kuupanda ni mwenye ardhi ya ziada. Mpangaji wa msimu hayumo. Wanawake wa kambini walioingia msituni kutafuta kuni, na wengi wao wakabakwa huko, hawamo pia. Mpango wa miti usioanza na hao utakuwa unawatajirisha waliokwisha kuwa nacho.

Kuna mambo ambayo hata mpangaji anaweza kuyafanya leo, na ni haki kuyataja. Majani ya kontua si mti. Wenye ardhi wengi hawayaogopi, hasa wakiambiwa ng'ombe wao watayala. Simbilisi wanafugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu: hula majani na maganda, huzaa haraka, hutoa samadi nzuri, na watu wanapokimbia hubebwa ndani ya kikapu. Ng'ombe huporwa, mbuzi huporwa. Simbilisi askari humpita bila kumwona. Mboji ya shimo moja nyuma ya nyumba huiva kwa miezi mitatu hivi, chini ya msimu mmoja. Haya yote yanaingia ndani ya muda ambao mpangaji anao.

Lakini mlima hautashikwa na simbilisi. Utashikwa na mizizi mirefu, na mizizi mirefu inataka mkataba mrefu. Mwaka 2012 Kivu Kaskazini ilitunga sheria ya mkoa kuhusu uhusiano wa machifu, wenye ardhi na walimaji katika ardhi za kimila. Karatasi ipo, basi. Kinachokosekana kijijini ni mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ulioshuhudiwa na chifu wa kijiji na majirani wa mipaka, wenye maneno matatu ya msingi: muda usiopungua miaka mitano, miti ya mpakani ni mali ya aliyeipanda lakini haimpi ardhi, mpangaji akiondolewa kabla ya muda analipwa miti yake. Sharti la pili ndilo linalomtoa mwenye ardhi hofu, na bila hilo hatasaini. Na jina la mwanamke liandikwe humo. Sheria ya Familia iliyorekebishwa 2016 iliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume ili kufunga mkataba, lakini mjane wa Masisi bado anaweza kuondolewa na shemeji zake kwenye shamba alilolilima maisha yake yote, na ndiye mwenye jembe mkononi siku nyingi kuliko wote.

Miaka mitano inatosha? Tuhesabu. Mbegu za kaliandra zinasiwa kitaluni Juni, miche inahamishiwa kwenye mistari mvua za Septemba zikianza. Mwaka mmoja baadaye, msimu A mwingine ukifika, matawi ya kwanza yanakatwa: majani kwa simbilisi na kwa shimo la mboji, vijiti kwa maharage, ambayo hudai makumi ya maelfu ya vijiti kwa hekta moja na ndiyo yanayomfanya mkulima avizie msitu wa watu. Misimu minane inabaki kwenye mkataba. Kila mmoja unakata, kaliandra inachipua tena, na udongo unaoshuka unazidi kujikusanya nyuma ya mstari, hadi mwaka wa tano ambapo mwenye ardhi akija kukagua atakuta amerudishiwa shamba lenye ngazi ambalo yeye mwenyewe hakuligharimia hata siku moja ya kibarua.